Vyandarua Viwili na Somo la Fizikia



Wapo wenzangu wasemao kwamba Fizikia ya siku hizi ni ya watu wa Ulaya na Marekani wenye mitambo mikubwa, nasi tulio huku milimani Usambara yatutosha kukariri kanuni za mtihani. Mimi sikubali hata kidogo.

Lushoto kuna baridi, na mbu si wengi kama kule Mombo. Basi vipande vya chandarua kichakavu havikosekani. Twaa viwili vya aina moja, laza kimoja juu ya kingine mbele ya dirisha, kisha zungusha cha juu kidogo sana. Utaona maumbo makubwa ya giza na mwanga ambayo hayamo katika chandarua cho chote. Kwa pembe ya nyuzi 2, umbo moja huwa kubwa mara 29 hivi kuliko tundu. Kwa nyuzi 1, mara 57.

Kinywe, kile cheusi cha ndani ya penseli, ni matabaka ya kaboni, kila moja lenye unene wa atomu moja. Mwaka 2018 wataalamu wa chuo cha MIT, Marekani, walilaza mawili kwa pembe ya nyuzi 1.1. Elektroni zikawa nzito za mwendo, na katika baridi kali mno umeme ukapita bila kizuizi. Mwaka 2021 ikaonekana ajabu nyingine katika boroni naitraidi. Matabaka yake mawili yakilazwa kuelekea upande mmoja, moja huwa chanya kidogo na jingine hasi. Likiteleza kwa kadiri ya atomu moja tu, chanya na hasi hubadilishana, na hali hiyo hudumu hata umeme ukiondolewa. Katika fuwele ya asili jambo hili halipo, maana matabaka hupeana migongo.

Ni kweli, hatuna darubini ya kuonea atomu. Lakini tabaka moja la kaboni lilipatikana Manchester mwaka 2004 kwa utepe wa gundi, nao Geim na Novoselov wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2010. Na kinywe kimo katika ardhi yetu wenyewe, Mahenge, Ruangwa na Merelani. Tukiambiwa tu kwamba huandika na kulainisha mashine, tumefundishwa nusu, na nusu iliyobaki ndiyo yenye thamani.

Naomba chama chetu cha sayansi kipewe Jumamosi moja muhula ujao. Vyandarua nitaleta mimi.