Nimepona Saratani, Miguu Bado Inawaka

Tulikuwa barazani na wifi yangu tunachambua mchele wa pilau. Ungo wake ulikuwa safi. Wangu ulibaki na mawe na chuya, kwa sababu ncha za vidole vyangu zimekufa ganzi na siwezi tena kutofautisha punje na kijiwe. Nikamwambia kwamba usiku sikulala, miguu iliwaka kama imepakwa pilipili. Akaweka ungo chini. “Wifi, si umeshapona? Wangapi ulioanza nao hawapo leo? Mshukuru Mungu.”

Ananipenda, na alisema kwa upendo. Lakini alikosea, na wanaokosea kama yeye ni wengi: kanisani, msikitini, kwenye vikao vya familia, hata ndani ya vyumba vya madaktari. Wanaamini kuwa aliyetoka salama kwenye saratani amemalizana na maumivu, na akilalamika tena basi hana shukrani, ana mawazo, au anadeka. Imani hiyo naipinga, kwa sababu ni ya uongo na kwa sababu inalemaza watu.

Mimi nilitibiwa saratani ya titi kwa paklitakseli, dawa iliyogunduliwa kwenye gome la mti wa Marekani. Huzuia seli ya saratani isigawanyike kwa kuvikaza vinyuzi vidogo vilivyo ndani yake. Bahati mbaya, neva nazo zina vinyuzi hivyo, na huvitumia kama njia ya kupitishia mahitaji yake kutoka karibu na uti wa mgongo hadi kwenye kidole cha mguu, safari ya karibu mita nzima. Njia ikivurugika, walio mbali ndio wanaoanza kukosa. Ndiyo maana ganzi ilianzia vidoleni, ikapanda kama soksi, kisha ikaja mikononi kama glavu. Sisplatini, ambayo wanawake wengi wenye saratani ya mlango wa kizazi hupewa pamoja na mionzi, ina tabia mbaya zaidi: madhara yake kwenye neva yanaweza kuzidi kwa miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho. Mtu ameshaagwa kliniki, ameshafanyiwa sala ya shukrani, na ndipo miguu inapozidi kuharibika.

Wala si watu wachache. Mwaka 2014 ulichapishwa uchambuzi wa tafiti 31 zenye wagonjwa zaidi ya 4,000. Mwezi wa kwanza baada ya tibakemia, 68 katika kila 100 walikuwa na neva zilizoathirika. Baada ya miezi 6 na zaidi, walikuwa 30. Wengi hupata nafuu, na hilo nalisema kwa furaha, lakini hao 30 hawakutunga maumivu yao.

Kinachonikasirisha zaidi ni kinachotokea wakati dawa bado inaingia mwilini. Kwenye dripu ya tatu muuguzi aliniuliza, “Unaendeleaje, mama?” Vidole vilikuwa vimeshaanza kufa ganzi, kandambili ilikuwa inachomoka mguuni nami naendelea kutembea bila habari. Nikajibu, “Salama, namshukuru Mungu.” Familia ilikuwa imeuza shamba. Kaka zangu walikuwa wamechanga mpaka ya mwisho. Ningewezaje kuilalamikia dawa iliyonunuliwa kwa jasho lao? Tena niliogopa kwamba nikisema, nitakatiwa dawa nife. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba daktari anaweza kupunguza dozi, kusogeza mbele tarehe au kubadilisha dawa, na kwamba uamuzi huo hufanywa tiba ikiwa bado inaendelea, kwa kutegemea maneno ya mgonjwa mwenyewe. Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha kidole kinachowaka. Kuna mdomo wa mgonjwa tu, na wangu niliufunga ili nisionekane sina shukrani. Miezi michache baadaye niliungua unyayo kwa maji ya kuoga, nisijue mpaka nilipoona lengelenge.

Matibabu nayo yanaharibiwa na imani hiyohiyo. Panadoli na diklofenaki haziisaidii sana neva iliyoumia. Unazimeza wiki baada ya wiki, tumbo linachafuka, miguu iko palepale. Daktari anayeyajua maumivu haya hukupa amitriptilini, kidonge kidogo cha usiku, au duloksetini, ambayo ndiyo yenye ushahidi bora wa utafiti kwa maumivu yanayoletwa na tibakemia. Zote mbili hutumika pia kutibu sonona. Mgonjwa anafika nyumbani, mtoto anaisoma karatasi ya dawa, na nyumba nzima inakubaliana: kumbe ni mawazo. Si mawazo. Dawa hizo hutuliza ishara za maumivu kwenye uti wa mgongo na ubongo, hata kwa mtu asiye na huzuni yoyote. Mwenzangu mmoja wa kliniki alizitupa chooni kwa aibu. Haziondoi maumivu yote. Mimi zimenirudishia saa nne za usingizi, na saa nne ni kitu kikubwa.

Najua wanaotuambia tushukuru nao wamechoka. Waliuza, walikesha, walisali. Neno “umepona” ni pumziko lao pia. Tena wanaogopa kwamba maumivu mapya ni saratani iliyorudi, na kweli, maumivu mapya yachunguzwe. Lakini uchovu wao hauzimi moto wa miguu yangu. Ayubu wa Biblia, tunayetajiwa kila mara kama mfano wa subira, alilia kwa sauti, na waliokemewa na Mungu mwishoni ni rafiki zake waliomlaumu.

Wauguzi, nawaomba: swali la “unaendeleaje” halitoshi. Tuulizeni kama tunaweza kufunga kifungo cha blauzi, kama tunaihisi sakafu, kama shuka likigusa miguu usiku tunaumia. Na wewe uliye kwenye dripu ya pili au ya tatu, ambaye vidole vimeanza kufa ganzi na umemeza mate ukanyamaza kwa ajili ya wale waliouza shamba: mwambie daktari kabla dripu inayofuata haijatundikwa.