SAMAKI WETU NA UHAI WA WAVUVI



Kila jioni, toka Kipushi mpaka Kolwezi, bukari inapakuliwa na samaki anawekwa kando yake. Samaki huyo ametoka Ziwa Moero, mto Luapula au Ziwa Tanganyika. Sokoni tunabishana bei na mama muuzaji. Lakini ni nani kati yetu anayeuliza kama mtu aliyemvua alirudi nyumbani?

Undugu wa shaba na samaki si wa jana. Wakati wa Wabelgiji, Union Minière iliwapa watu wake posho, na samaki wa Kasenga walipakiwa katika motokari pamoja na barafu mpaka Elisabethville. Wafanyabiashara Wagiriki walipata mali kwa kazi hiyo. Mvuvi alibaki na mtumbwi wake.

Sisi wa shimo tunazijua hatari zetu kwa majina: mwamba unaoanguka, gasi, baruti. Kofia ngumu, viatu na lopitali havikushuka toka mbinguni. Desemba 1941 wafanyakazi wa Elisabethville waligoma kwa ajili ya mshahara, wakajibiwa kwa risasi. Tangu siku hizo tunajua kwamba haki isiyodaiwa haiji. Wachimbaji wa mikono, wasio na wa kuwasemea, hata leo wanaingia shimoni bila kofia.

Na mvuvi je? Anatoka usiku na taa yake kutafuta ndakala. Tanganyika ina kina cha mita 1,470, na toka Mei mpaka Septemba upepo wa kusini-mashariki unavuma kwa nguvu. Moero haina kina kikubwa, lakini kwa sababu hiyo hiyo mawimbi yake yanasimama upesi na kwa ukali. Katika Luapula kuna mamba na viboko. Mashua inajazwa watu na nyavu kupita kipimo, koti la kuelea hakuna. Akizama, hakuna karatasi ya kazi inayoonyesha aliajiriwa na nani. Mjane analia, na mwenye mashua anatafuta kijana mwingine.

Wengine wanasema: ni mapenzi ya Mungu. Sisi tunakataa. Kama kampani ingesema hivyo juu ya mwamba ulioua wenzetu, tungenyamaza? Mungu hakukataza koti la kuelea.

Sheria si kwamba haipo duniani. Mwaka 2007, kule Genève, Shirika la Kazi la Dunia lilipitisha Mapatano namba 188 juu ya kazi ya uvuvi, yakaanza nguvu 16 Novemba 2017. Yanataka mvuvi awe na miaka 16 au zaidi, apimwe na munganga, apewe mapatano ya kazi yaliyoandikwa, apate mapumziko ya kutosha, na akiumia kazini atunzwe. Lakini, wandugu, someni vizuri: yameacha mlango. Serikali inaweza kuwatoa humo wavuvi wa maziwa na mito, ikisema kwao kuna shida kubwa ya kuyatimiza. Maana yake ni wavuvi wetu hasa!

Kwa hiyo tunadai. Kwanza, Kongo iwe ndani ya mapatano hayo, na mlango huo ufungwe. Pili, mwenye mashua asitoe chombo bila koti la kuelea kwa kila mtu. Tatu, radio itangaze habari ya upepo kila jioni, kwa Kiswahili, kabla mashua hazijatoka. Nne, kila mvuvi wa kuajiriwa aandikwe katika buku, ili mjane ajue mlango wa kugonga.

Tarehe 30 Juni 1960 tulipata bendera. Bendera haimuokoi mtu majini. Sendika za migodi ziwaite wavuvi wa Kasenga, Pweto, Moba na Kalemie wakae nao meza moja. Mfanyakazi ni mfanyakazi, awe chini ya udongo, awe juu ya maji. Anayekula samaki wa mwenzake asinyamaze mwenzake anapozama.