Ujasiri wa Mwalimu ni Kazi, Si Muujiza

Habari za watu waliowaficha Wayahudi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia zinaposimuliwa, wahusika huvikwa sifa za malaika. Nia ni njema, lakini hasara yake ni kubwa, kwani tukishawafanya malaika sisi wengine tunajipa ruhusa ya kukaa pembeni. Maisha ya Andrée Geulen, mwalimu wa Brussels aliyefariki mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 100, yanatufunza vingine. Alichofanya kilikuwa kazi, tena kazi iliyotegemea ujuzi uleule wa ualimu, na kazi hujifunzwa.

Mwaka 1942 Wajerumani waliokuwa wameikalia Ubelgiji waliwaamuru Wayahudi washone nyota ya njano kwenye nguo zao. Geulen, ambaye hakuwa Myahudi, aliwaona wanafunzi wake wakiingia darasani na alama hiyo kifuani, akaagiza darasa zima livae aproni ili nyota zisionekane. Hilo lilikuwa ndani ya uwezo wa mwalimu yeyote. Baadaye alijiunga na Kamati ya Kuwatetea Wayahudi, mtandao wa siri uliowachukua watoto kwa wazazi wao na kuwapeleka kwenye nyumba za watawa, shule za bweni na familia za Kikristo. Yeye mwenyewe alisindikiza watoto wapatao 300. Mzazi hakuambiwa mwanawe yuko wapi, kwa sababu anayeteswa hawezi kutoa siri asiyoijua. Jina halisi, jina la bandia, anwani ya nyumbani na mahali pa maficho viliandikwa katika madaftari tofauti, vikiunganishwa kwa namba za siri, hivyo daftari moja pekee halikumfaa adui. Baada ya vita, kumbukumbu hizo ndizo zilizosaidia kuwarudisha watoto kwa jamaa zao waliosalimika.

Wapo watakaosema ni rahisi kuhubiri ujasiri tukiwa salama. Hoja hiyo ina uzito. Mwaka 1943 shule alimofundisha Geulen ilivamiwa usiku. Mkuu wa shule, Odile Ovart, aliyekuwa ameruhusu watoto wa Kiyahudi wafichwe humo, alikamatwa pamoja na mumewe, na wote wawili walifia katika kambi za mateso. Lakini hatari hiyo ndiyo iliyofanya mzigo ugawanywe: huyu alighushi vyeti, yule alitafuta fedha, mwingine alimlaza mtoto nyumbani kwake. Hakuna aliyetakiwa kuubeba peke yake. Tukimsifu shujaa mmoja na kuusahau mtandao, tunaficha njia yenyewe iliyoleta mafanikio.

Wengine watauliza: mwalimu ni mtumishi wa serikali, je, kila mmoja akichagua sheria ya kutii, shule itasimama? Sheria za kawaida mwalimu azitii, hata zile zinazomkera. Ila mtoto yuko mikononi mwake kama amana, na amri inayomtoa mtoto darasani na kumpeleka kuuawa inavunja msingi wa shule yenyewe. Kwa kuwaficha wanafunzi, Geulen alikuwa anailinda kazi yake. Na anayesema watoto 300 ni wachache mbele ya Wayahudi zaidi ya 25,000 waliosafirishwa kutoka Ubelgiji kwenda kambi za mauaji, ajue kwamba ukubwa wa msiba unaongeza wajibu wa kila aliyeweza kuokoa hata mmoja.

Kwa hiyo vyuo vya ualimu viifundishe habari hii kama somo la kazi, sambamba na utunzaji wa mahudhurio na malezi ya wanafunzi. Mwalimu mtarajiwa aulizwe mapema: ukiletewa amri ya kumtenga mtoto kwa sababu ya kabila au dini yake, utaanza na hatua ipi, na utamwendea nani akusaidie? Swali hilo likisubiri hadi siku ya amri, wengi watatii kwa sababu tu hawakuwahi kujiandaa kukataa.