Picha moja, kibarua kimeota nyasi

Hivi mwalimu akiwa likizo, bado ni mwalimu? Swali hili hunijia kila ninaposikia mwalimu kaitwa ofisini kwa sababu ya kitu alichoweka mtandaoni.

Chukua kisa cha Marekani. Mwaka 2009 mwalimu mmoja kijana wa sekondari, jimbo la Georgia, aliweka Facebook picha za matembezi yake ya Ulaya. Katika chache alikuwa ameshika mvinyo au bia. Mtu asiyejitaja akalalamika kwa barua pepe, mkuu wa shule akamwita, na muda si mrefu binti wa watu akajiuzulu. Alikuwa mtu mzima, likizo, mbali na darasa lake.

Linganisha na la kwetu. Oktoba 2016 ilisambaa video ya walimu waliokuwa mafunzoni wakimpiga vibaya mwanafunzi wa Sekondari ya Kutwa Mbeya. Wakafukuzwa vyuoni. Mimi sikuwaonea huruma.

Wadau, mambo haya mawili hayafanani hata kidogo, lakini tunayatia kapu moja: "walimu na mitandao". Mbeya kosa lilikuwa kipigo; hata kama kisingerekodiwa, kingebaki kosa. Georgia, ukiondoa picha unabaki na nini? Mtu aliyekula likizo yake.

Najua nitaambiwa mwalimu ni kioo cha jamii. Sawa. Lakini mbona mzazi anayekaa baa moja na mwalimu Ijumaa hashtuki, ila akiona picha Jumatatu ndiyo anakumbuka maadili? Tunachoadhibu hapo ni kuonekana tu.

Maoni yangu: shule iseme mapema, kwa maandishi, nini hakiruhusiwi. Kuanika picha na siri za wanafunzi, kuwatukana, kuchati nao usiku wa manane: hayo yapigwe marufuku bila kigugumizi. Ikija tuhuma, mwalimu asikilizwe kwanza, asiwekewe kalamu na karatasi ya kujiuzulu. Nanyi walimu, msijidanganye kwamba "wanaona marafiki tu". Rafiki mmoja akiihifadhi, picha si yenu tena.

Bia ya likizo haijawahi kumfelisha mtoto hesabu. Mwalimu akiondolewa katikati ya muhula na kipindi chake kikabaki wazi, hapo mtoto anaweza kufeli kweli.

Naomba kuwasilisha.