"Kosa la Rubani" Si Jibu

Kila ndege inapoanguka, hata kabla kisanduku cheusi hakijapatikana, utawasikia watu wakihukumu: "Ni kosa la rubani." Husemwa redioni, husemwa ndani ya teksi, husemwa hata hapa chuoni wakati wa chakula cha mchana. Ni hukumu rahisi, maana mara nyingi anayehukumiwa amekwisha kufa na hawezi kujitetea. Katika insha hii ninaipinga hukumu hiyo. Sisemi kwamba marubani hawakosei. Ninasema kwamba kosa la rubani ni mwanzo wa swali, wala si jibu lake.

Wahenga walisema kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Kila mwanafunzi wa Kiswahili anaijua methali hii, lakini ni wachache wanaojiuliza: aliyerudia ni nani?

Tarehe 29 Oktoba 2018, ndege ya Lion Air aina ya Boeing 737 MAX 8 iliruka kutoka Jakarta, Indonesia, ikaanguka baharini. Watu 189 walikufa. Ndani ya ndege hiyo mlikuwa na programu ya kompyuta iliyoweza kuisukuma pua ya ndege chini bila kuamriwa na rubani, kwa kutegemea kihisi kimoja tu. Kihisi kikidanganya, programu nayo inaamini. Marubani hawakuwa wameelezwa kwamba kitu hicho kipo.

Baada ya ajali hiyo marubani walitumiwa maelekezo, lakini ndege ziliendelea kuruka na programu ileile. Tarehe 10 Machi 2019, ndege ya Ethiopian Airlines ya aina hiyohiyo iliondoka Addis Ababa kuelekea Nairobi. Dakika kama sita baadaye ilijikita ardhini karibu na mji wa Bishoftu. Watu 157 walikufa, 32 kati yao wakiwa Wakenya. Hapa kosa lilirudiwa. Je, lilirudiwa na rubani wa Addis Ababa, ambaye hakuwahi kuwa kwenye ndege ya Jakarta? Hata hivyo, huko Marekani alipatikana mbunge wa kudai kwamba marubani waliofunzwa nchini mwake wangeziokoa ndege hizo. Maana yake ni kwamba kasoro iliyotengenezwa na tajiri ilitakiwa iitwe ujinga wa Mwafrika na Mwindonesia.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Nami nitatoa haki kwa pande zote. Wachunguzi wa Marekani na Ufaransa walilalamika kwamba ripoti ya Ethiopia haikuyapima vya kutosha matendo ya marubani, kwa mfano mwendo wa ndege walioacha ukazidi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini Januari 2021 kampuni ya Boeing ilikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 2.5 ili kumaliza shtaka la kula njama ya kuwadanganya wasimamizi wa usafiri wa anga wa Marekani. Kama tungetosheka na jibu la "kosa la rubani", jambo hilo lisingejulikana.

Msomaji anaweza kuniambia kwamba nimechagua mfano unaonifaa. Basi nichukue ule usionifaa. Tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways aina ya Boeing 737-800 iliruka usiku wa manane kutoka Douala, Kameruni, ikaanguka kwenye kinamasi karibu na uwanja. Watu wote 114 walikufa. Ndege ilikuwa nzima. Iliinama kulia polepole katika giza nene, na mtambo wa kuiongoza, ambao rubani mkuu alidhani umeshika kazi, haukuwa umeshika. Hapa rubani alikosea, tena waziwazi.

Lakini kando yake alikaa rubani msaidizi mwenye umri wa miaka 23. Mimi nina miaka 22. Ninajiuliza: kama ningekaa kwenye kiti kile, kando ya mtu mwenye umri wa baba yangu, ningethubutu kumwambia, "Mzee, ndege inainama"? Nasema kweli, sijui. Tumelelewa kwamba mkubwa hakosolewi. Hata darasani mwalimu akikosea tarehe ubaoni tunainakili ilivyo, kisha tunacheka nje.

Wala si tabia ya Waafrika peke yao. Mwaka 1977 huko Tenerife, rubani Mholanzi aliyekuwa mwalimu wa marubani wenzake alianza kuruka katika ukungu bila ruhusa. Fundi wake aliuliza kama ndege nyingine imetoka njiani. Akajibiwa kwa uhakika, akanyamaza. Watu 583 walikufa. Baada ya hapo mashirika ya ndege yalianza kuwafundisha wadogo kusema na wakubwa kusikiliza. Kama yangeishia kumlaani marehemu yule, fundisho hilo lisingekuwapo.

Wapo wanaosema kwamba bila adhabu watu watakuwa wazembe. Rubani mlevi na aadhibiwe, sina ugomvi. Lakini anayeadhibiwa kwa kosa la kibinadamu huwafundisha wenzake jambo moja tu: kuficha.

Hili nimeliona nyumbani. Shangazi yangu alikuwa muuguzi. Usiku mmoja, wakiwa wauguzi wawili kwa wodi nzima, alichukua chupa ya dawa isiyo yenyewe. Chupa zile mbili zilifanana na zilikaa rafu moja. Mgonjwa alipona, na shangazi mwenyewe ndiye aliyeripoti. Alifukuzwa kazi. Rafiki yake aliyebaki alimwambia kwamba chupa bado zinakaa kwenye rafu ileile. Ninamuuliza msomaji: ni nani atakayeripoti safari ijayo?

Ndiyo maana jambo hili halihusu ndege peke yake. Basi likianguka barabara ya Masaka tunasema ni uzembe wa dereva, hatuulizi alilala saa ngapi wala tajiri wake alimtaka apige safari ngapi kwa siku. Wengi wetu tutakuwa walimu, na baadhi watakuwa wakuu wa shule na wa ofisi. Mtu aliye chini yetu atakosea, kwa kuwa ni mtu. Siku hiyo tusianze na "nani?". Tuanze na "ilikuwaje?", na tumwachie nafasi ya kutujibu akiwa bado hai.