Usikimbilie tovuti ya kupendeza, jifunze kwanza upande wa seva

Wauzaji wengi wa mtandaoni wakisikia "jifunze kutengeneza tovuti" wanawaza rangi, picha na vitufe. Kwa maoni yangu huko ni kuanzia mwisho. Kwa mtu anayeuza, kazi kubwa iko upande wa seva, yaani ile programu inayokaa kwenye kompyuta ya mbali: inapokea oda, inaikagua, inaitunza, inajibu. Mteja haioni, lakini hela yako inalindwa hapo.

Chukua muuza mchele wa Kagongwa. Mashine za kukoboa zipo, mzigo upo, wateja wako Geita, Mwanza mpaka Dar. Oda zinaingia WhatsApp. Zimebaki gunia 10, wateja wawili wanazitaka zote kwa wakati mmoja, na wewe kwa haraka unawajibu wote "zipo". Mmoja itabidi umrudishie hela, na huyo usitegemee atarudi. Programu ya seva iliyoandikwa vizuri inaandika oda na kupunguza mzigo stoo kwa mkupuo: vyote vifanyike, au kisifanyike hata kimoja. Wa pili anaambiwa zimeisha kabla hajatuma hata shilingi.

Halafu kuna bei. Wanaoanza wengi wanaacha bei itumwe pamoja na oda kutoka kwenye simu ya mteja. Mjanja anaibadilisha 200,000 kuwa 2,000 kwenye kivinjari chake, wala haihitaji uchawi. Simu ya mteja itume aina ya mchele na idadi tu. Bei isomwe na kupigiwa hesabu kwenye seva.

La malipo ndilo linaloumiza zaidi. Nani hajatumiwa meseji feki ya muamala, au picha ya skrini iliyochezewa? Mifumo kama M-Pesa ya Vodacom, na Daraja ya Safaricom kwa jirani zetu Kenya, ina njia ya kuiarifu seva yako moja kwa moja malipo yanapoingia. Seva iamini taarifa hiyo tu, tena ihakikishe imetoka kwenye mfumo wenyewe, kiasi ni sahihi na namba ya muamala haijawahi kutumika. Kwa malipo halisi kuna makaratasi ya usajili, jiandae, ila kujaribia kwa hela za mfano unaweza kuanza mapema.

Uanze na nini? Mimi nasema PHP. Wajuaji watakucheka kwamba ni ya kizamani, kweli ipo tangu 1995, lakini ni bure, kukodi seva inayoiendesha ni bei ya kawaida, WordPress imeandikwa nayo, na hata Facebook ilianza nayo 2004. Huna kompyuta? Simu ya Android yenye Termux inatosha kujifunzia. Kumbukumbu zitunze kwenye SQLite, ambayo ni faili moja tu. Zoezi la kwanza: fomu ya oda inayohifadhi jina, idadi na tarehe, na ukurasa wa kukuonyesha oda zote. Usiache alichoandika mteja kichanganyike na amri za kanzidata, maana hapo ndipo watu wanapoibiwa data. Tumia amri zilizoandaliwa za PDO. Nywila nazo zipite kwenye password_hash, zisihifadhiwe wazi. Namba za wateja sio mali yako ya kugawa: kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Sasa tusidanganyane. Kama unapata oda tano kwa siku, daftari linakutosha, wala usikose usingizi. Na kama huna muda kabisa, mpe fundi kazi, siyo dhambi. Ila hata miezi miwili ya kujifunza jioni jioni inabadilisha maongezi yenu. Muulize bei inapigiwa hesabu wapi. Muulize malipo yanathibitishwa na nani. Akianza kukuonyesha rangi, tafuta mwingine. Na kabla hujamlipa hela ya mwisho, jina la tovuti lisajiliwe kwa jina lako, nywila za seva uwe nazo wewe, na nakala ya kanzidata ikae kwako.