OTP Haijafika? Usikimbilie Kubonyeza "Tuma Tena"

Kujisajili kwenye programu ya malipo ukiwa Maua mjini ama Embu mjini ni jambo la dakika mbili. Lakini shuka upande wa pili wa milima ya Nyambene, ama ingia ndani ndani huko Mbeere, uone. Netiwaki inakuja ikienda. Programu inakuhesabia sekunde sitini, na ile OTP, yaani namba ya kuthibitisha kwamba laini ni yako, haionekani.

Hapo wengi hubonyeza "Tuma tena" mara tatu, mara nne. Sisi tunaona hapo ndipo shida huanza. Simu isipopatikana, meseji haipotei. Kituo cha meseji cha mtandao huihifadhi na kujaribu tena baadaye. Ila kila ukiomba namba mpya, programu nyingi hufuta ile ya kwanza. Ukifika penye netiwaki zinaingia zote nne kwa mpigo, unajaza moja, unaambiwa si sahihi. Ukirudia sana unafungiwa.

Kwa hivyo omba mara moja, kisha usogee mahali pa wazi. Washa hali ya ndege sekunde chache halafu uizime, simu ijitambulishe upya kwa mtandao. Kama laini yako ya pesa iko kwenye kabambe, angalia kama meseji zimejaa. Kabambe ikijaa haipokei kitu.

Sasa, mteja hafai kubeba mzigo huu wote. Sekunde sitini ni za mtu aliyeketi karibu na mnara. Maoni yetu ni kwamba OTP ikae angalau dakika kumi, na anayeikosa apewe njia ya kupigiwa simu na kusomewa. Tena itumwe kwa jina lililosajiliwa kwa huduma, si la matangazo. Kuna watu waliochoshwa na meseji za kamari wakazizuia kwa *456*9*5# kwenye Safaricom. OTP ikija kwa jina la matangazo, inazuiwa pamoja nazo, na mteja hajui.

Kuna watakaosema muda mrefu unampa mwizi nafasi. Hatukubali. Namba ya tarakimu sita ina uwezekano milioni moja, na programu ikiruhusu majaribio matatu pekee, mwizi hawezi kubahatisha. Na kwa nini abahatishe? Yeye hupiga simu akakuomba, kwa sauti tamu kabisa.

Hiyo haraka ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi. Mama anangoja bonasi ya majani chai, saa inahesabu, kijana asiyemjua vizuri anamwambia, "Lete simu nikusaidie, nitajie hiyo namba." Akishaitaja, huyo kijana anaweza kufungua akaunti kwa laini ya mama kwenye simu yake mwenyewe. Hakuna mhudumu wetu atakayekuuliza OTP, hata ukitupigia wewe mwenyewe.

Ukimsajilia guka au cucu, mpeleke kwanza mahali netiwaki inashika vizuri, simu ibaki mkononi mwake, na namba aijaze yeye. Kama hasomi vizuri, msomee ukiwa umeketi kando yake. Akichukua dakika saba, wacha achukue.